Mrija wa Mkalimani

Kabla hujamwona, ulimsikia. Ungekuwa unapita barabara ya nyuma ya soko la nguo, mchana kweupe, jua limekaa utosini, na kutoka kwenye jengo refu la bati lililoliwa na kutu ungesikia sauti ya mwanamume ikisema kwa upole kabisa: "Dada, usifungue huo mlango. Dada, mimi nimeshakwambia. Haya, umefungua. Sasa usije ukaniita." Papo hapo mayowe, halafu kicheko kimoja cha mwanamke, kirefu, kikiwatangulia wengine wote kama jogoo wa kwanza.

Mwenye sauti ile tulimwita Mkalimani. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye cheti cha ndoa na vinywani mwa wachache waliozeeka naye. Lile jengo zamani lilikuwa ghala la saruji, na ukikaa sana kwenye mabenchi yake ulitoka na vumbi jeupe kwenye makalio ya suruali, mkeo akajua ulikokuwa. Madirisha yalizibwa kwa magunia. Mbele palikuwa na skrini, na pembeni ya skrini stuli moja, glasi ya maji ya tangawizi, na kipaza sauti kilichofungwa kitambaa cheupe chenye pindo la bluu. Pindo lile alilishona mkewe, maana, alisema, mate ya mume wangu yataozesha hicho chuma.

Kazi yake ndiyo hiyo. Filamu zilikuja zikisema lugha za watu, naye akazisema kwa yetu. Usidhani alizijua hizo lugha. Alizijua kama unavyomjua jirani wa mtaa wa tatu, salamu na kwaheri. Ila kila asubuhi, kabla ukumbi haujafunguliwa, aliiweka filamu ya siku hiyo peke yake, sauti ameizima, akaitazama mpaka imwingie.

"Midomo husema lolote," alimwambia mkewe. "Wewe angalia mtu anavyoshika kikombe. Mwenye njama hakishiki kama mwenye kiu."

Hilo la kuzima sauti halikujulikana ukumbini. Watu waliamini anasikia kila neno. Wengine walimpelekea hata maandishi ya pakiti za dawa awasomee, naye akayatazama, akasema, "Hii unywe ukiwa umekula," na mara nyingi alipatia.

Mkewe alikuwa Fundi, mshonaji wa sare za shule. Chumba chao cha mbele, penye cherehani, kilipakana ukuta na ghala lile, hivyo alishona maisha yake yote ya ndoa huku mumewe akinong'ona, akilia, akipiga risasi na kufa upande wa pili wa tofali. Wateja walizoea kumkuta anacheka peke yake, pini zimejaa mdomoni. Watoto hawakujaliwa. Walikuwa na mdogo wake Fundi, msusi wa nywele, waliyemlea tangu akiwa msichana wa shule, naye ndiye mwenye kile kicheko. Tulimwita hivyo hivyo, Kicheko. Alikaa benchi la mbele, na ukumbi mzima ulimsubiri yeye ujue kama jambo ni la kuchekesha au la kutisha.

Kuliko filamu zote, watu walipenda za wanyonya damu. Hapo Mkalimani hakuwa na haja ya kueleza sana, kwani bibi zetu walishatulaza na hofu za mumiani, na hofu uliyonyonyeshwa haikutoki. Zile za zamani zilikuwa rahisi. Mzee mrefu, koti jeusi, nyumba kubwa isiyo na majirani, jeneza badala ya kitanda. Alimpa jina moja, Babu Koti, filamu iwe ipi, mwigizaji awe nani. "Koti linabadilika," alisema, "babu ni yule yule." Msalaba ukitokea, Babu Koti anajikunyata, jua likichomoza, anakuwa majivu, watu wanakwenda nyumbani roho zimetulia.

Halafu wakaanza kuja wa kisasa. Vijana, nywele zimechanwa, wanaendesha magari, wanasoma vyuo. Wengine wanapenda wasichana na kukataa kuwauma. Wanakaa dirishani wanalia kwa sababu wameishi mno na kila waliyempenda ameshazikwa. Ukumbi ukaanza kupiga miluzi.

"Mnyonya damu gani anaomba ruhusa?" alipaza mmoja. "Hata mbu wa kwangu ana msimamo!"

Mwenye Ukumbi, mtu mfupi aliyevaa kofia hata gizani, alimvuta Mkalimani kando. "Bwana wee, watu wamekuja kuogopa. Wakitaka kulia wana nyumba zao."

Basi Mkalimani akawa anawarudishia meno. Kijana kwenye skrini analia mapenzi, yeye anamwekea maneno ya hila: "Njoo mpenzi, shingo yako imenona." Ukumbi ukatulia, na hakuna aliyejua kwamba mle ndani ya filamu yule kijana alikuwa akiomba msamaha.

Sasa sikiliza habari ya ile ya hospitali.

Ilikuja msimu wa mvua. Asubuhi ile cherehani ilikuwa imekatika mkanda, Fundi akaja ukumbini na fungu la sketi za kupinda kwa mkono, wakaitazama wawili. Mnyonya damu wa filamu ile ni mtu wa makamo, mpole, mfanyakazi wa hospitali, analinda friji zenye mifuko ya damu. Kamwe haumi mtu. Anakunywa ile mifuko iliyopitwa na wakati, inayosubiri kutupwa, anakunywa amejificha nyuma ya mlango, ameona aibu kama mtoto anayelamba sukari. Kuna kasichana kagonjwa wodini, na yule bwana kila siku anakachagulia mfuko mzuri kuliko yote. Mwisho kasichana kanapona. Kanatoka nje kukaa kwenye benchi, na yeye, aliyelikimbia jua miaka mia, anatoka akakae nako. Anakaa. Anatabasamu. Anakuwa majivu.

Mkalimani alifuta macho kwa kile kitambaa cha pindo la bluu.

"Hii utawaambia nini?" Fundi akauliza.

"Nitawaambia ilivyo."

"Watakurushia makopo." Akakata uzi kwa meno, akaitazama tena skrini, ambapo yule bwana alikuwa anahangaika kuutoboa mfuko. "Lakini na yeye, mwangalie anavyoteseka! Si mumpe mrija, jamani?"

Wakacheka mpaka sketi zikaanguka.

Mchana ukumbi ulijaa. Mkalimani alianza kweli kuisema ilivyo, kwa sauti ya chini, ya heshima. Haikupita muda miluzi ikaanza, mabenchi yakaanza kugongwa. Mwenye Ukumbi akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Na pale friji ilipofunguliwa, mifuko imepangana mistari mizuri, ulimi wa Mkalimani ukatangulia mbele yake.

"Ndugu zangu," akasema, "mnaona? Ile damu mliyoitoa kwa moyo mweupe, mkafutwa kwa pamba, mkapewa soda na biskuti, mkaambiwa ahsante. Leo imefika kwa mwenyewe. Na mwenyewe hana shida nyingine." Akanyamaza kidogo, kama alivyojua kunyamaza. "Anaomba mrija tu."

Kicheko alianza. Nakwambia bati lilitikisika. Toka hapo mpaka mwisho ile filamu ikawa habari ya mwizi wa damu aliyevaa koti jeupe badala ya jeusi, na alipogeuka majivu kwenye benchi watu walipiga makofi wakisimama.

Ilirudiwa kwa maombi. Ilirudiwa tena. Neno likatoka ukumbini likatembea kwa miguu yake. Kiongozi akiahidi jambo, watu wanaambizana, "Kaleta mrija." Mkwe akija mara kwa mara kula, "Huyo na mrija wake." Watoto waliimba wakiruka kamba. Siku moja gari la kuchangia damu likaja kupiga hema kwenye uwanja wa shule, wauguzi wamevaa makoti meupe, vitanda vimetandikwa, soda zimepangwa mezani. Soda zenyewe zina mirija. Watu waliziona zile soda, wakatazamana, wakaangua kicheko, na hakuna aliyevuka mstari wa uwanja. Kabla ya adhuhuri hema lilikunjwa. Jioni Mkalimani alilisimulia hilo nyumbani, na Fundi akacheka akashika tumbo.

Alilishika tumbo kwa sababu nyingine pia, ila hakusema. Alikuwa anatokwa damu miezi mingi, zaidi ya desturi ya mwanamke, akishona pedi zake mwenyewe kwa vitambaa vya sare na kuzifua kabla mume hajaamka. Tulimwona anapauka, tukasema ni kukaa ndani. Mpaka siku aliyoanguka kwenye cherehani. Mguu ulibaki kwenye kanyagio, na Mkalimani, upande wa pili, katikati ya mapigano ya panga, akasikia cherehani imenyamaza vibaya. Alikiacha kipaza sauti kinaning'inia, akatoka mbio.

Hospitalini daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya uchovu, alieleza bila kuzunguka. Kuna uvimbe kwenye kizazi, mkubwa. Utolewe, tena mapema. Lakini damu ya mgonjwa imepungua mno, hawezi kupasuliwa hivi hivi.

"Na akiba yetu imekauka," daktari akasema. "Mwaka huu watu hawatoi, sijui wamepatwa na nini. Lete ndugu wanne. Kundi lolote la damu, sisi tutabadilishana na hospitali nyingine."

"Anza na mimi," Mkalimani akasema, mkono wa shati ameshaukunja.

Wakampima. Presha ilikuwa juu sana. "Baba, wewe hatuwezi kukutoa. Tutakuwa na wagonjwa wawili."

Akateremsha mkono wa shati, akafunga kifungo, akasimama pale kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda.

Alianza kwa Kicheko. Alimkuta kibarazani kwake anasuka, akamweleza. Kicheko aliacha kichwa cha mteja, machozi yakamtoka.

"Shemeji, niombe chochote. Nitamwogesha dada, nitamfulia, nitalala sakafuni kwake. Lakini hiyo sindano..." Akajikumbatia mikono yote miwili. "Hiyo usiniombe."

"Ni mkono tu. Ni kama kuumwa na siafu."

"Wewe mwenyewe si ndiye ulituambia zinakokwenda?"

"Ile ni sinema!"

"Sinema najua. Watu wanaigiza. Lakini mambo yenyewe wanayatoa wapi? Wewe unasikia maneno yao, shemeji. Sisi hatusikii. Wewe ukasikia, ukatuambia. Sasa nikuamini lini, siku ile au leo?"

Mkalimani alikuwa na maneno ya majambazi na malaika, ya wafalme na mbwa wanaosema. Siku hiyo aliokota tu kitana kilichoanguka, akamrudishia, akaondoka.

Wa pili alikuwa Kisu, muuza nyama wa kona. Alipoombwa alivua aproni hapo hapo. "Mimi na damu tunajuana. Kila siku naimwaga bila sababu ya maana, ngoja leo niimwage kwa sababu." Akaenda, akatoa, akarudi buchani na plasta kwenye kiwiko. Wateja wakamtazama rangi. Bibi mmoja akauliza kama walimpa mrija.

"Walinipa soda," Kisu akasema, "nikanywa kwa mdomo, kama ninavyokunywa nyumbani kwako nisipopewa glasi."

Hawakucheka. Siku zile zilizofuata nyama yake ililala ndoanoni.

Wengine ni majibu tu. Huyu ana safari. Yule ameota vibaya. Wa tatu, kijana aliyekaa ukumbini tangu hajaota ndevu, alimuuliza kwa adabu kabisa, "Mkalimani, na wewe umetoa?" Mkalimani akaeleza habari ya presha. Kijana akatikisa kichwa polepole, na jioni hiyo mtaa mzima ulikuwa unasema: mwenyewe kakataa. Anayejua siri kakataa, anatutuma sisi.

Wodini, Fundi alikuwa amelala upande, mikono imekonda, vidole vinapindapinda ukingo wa shuka kama anatafuta mshono. Mumewe alimsimulia yote, maana hawakuwa na desturi ya kufichana vichekesho.

"Mrija wangu mwenyewe," Fundi akasema, akajaribu kucheka. "Mume wangu, angalia ulikokwenda kunichomeka."

"Nitautoa."

"Utautoaje? Neno siyo pindo, ulifumue ulishone upya."

"Nitaiweka ile filamu Jumapili. Nitaisema ilivyo. Mwanzo mpaka mwisho."

Fundi akaupindapinda tena ukingo wa shuka. "Na ile ya benchi," akasema, "ya mwisho. Ile iseme polepole. Ile ilikuwa nzuri."

Jumapili mchana watu walikuwa wamekaa mpaka sakafuni. Habari za ugonjwa zilikuwa zimeenea, na watu ni watu, walitaka kuona uso wake. Mkalimani alikaa kwenye stuli, akanywa maji ya tangawizi, akakifungua kile kitambaa kwenye kipaza sauti, akakifunga upya. Kisha akaanza.

Mimi nilikuwapo, benchi la tatu, na sijamsikia akisema vizuri kama siku ile. Hakupandisha sauti. Alituambia habari ya mtu aliyehukumiwa kuishi, ambaye kila mtu wake ameshatangulia, na njaa aliyonayo ni njaa ya aibu. Akatuambia kwamba mtu huyu angeweza kuchukua akitakacho kutoka shingo yoyote, akachagua masazo. Hakuna benchi lililogongwa. Nilidhani ametushika.

Halafu friji ikafunguliwa.

"Hii ni damu ya watu," Mkalimani akasema, "wasiomjua watakayemponya..."

"Mrija!" mtu akapiga kelele nyuma.

"...waliolala kitandani wakatoa mkono..."

"Siyo hivyo!" mwingine akadakia. "Umeruka! Sema ile ya soda na biskuti!"

"Ndugu zangu, mnisikilize. Ile niliitunga. Hivi ndivyo ilivyo."

"Kanunuliwa huyu!" Huyo alikuwa mtu mzima, fundi wa baiskeli, asiye na utani. Alisimama kabisa, kidole kimenyooka. "Hospitali wamemnunua! Mbona siku zote hakusema hivyo? Wamempa sharti: lete watu, mkeo apone!"

Ukumbi ukachafuka. Mkalimani aliendelea kusema, midomo inakwenda, ila kipaza sauti kilikuwa kimekufa, kwa kuwa Mwenye Ukumbi alikuwa ameshauchomoa waya na sasa alikuwa anafanya ishara kwa mikono yote miwili, tulieni, tulieni, itaendelea. Nayo ikaendelea. Watu waliifuata wenyewe. Hawakuhitaji mtu. Waliijua yote, kila kituo, kila pumzi, na pale yule bwana alipouinua mfuko, midomo mia ikasema kwa sauti moja, na ule unyamavu wake katikati hawakuusahau: "Na mwenyewe hana shida nyingine... anaomba mrija tu!"

Wakamsubiri Kicheko aanze.

Hakuanza. Alikuwa amekaa benchi la mbele, anamtazama shemeji yake aliyesimama pembeni ya skrini, rangi za filamu zikimpita usoni, midomo yake, bila sauti, imeshaitangulia filamu, inaisema polepole ile ya benchi. Kicheko akainuka, akatoka katikati ya watu, vumbi jeupe nyuma ya sketi. Hakujipangusa.

Kesho yake asubuhi alikuwa hospitalini. Hakuja peke yake. Alimkokota mteja wake mmoja, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama mtu aliyepigwa shoti. "Nimemwambia simalizii mpaka atoe," akamwambia nesi. Akalala, akafumba macho kwa nguvu, akanyoosha mkono kama anaukabidhi kwa mtu mwingine. "Chukueni. Haraka, kabla sijabadili nia." Ilipokwisha akafumbua jicho moja. "Basi? Ni hiyo tu?" Halafu akalia kwa namna ambayo nesi alidhani sindano imekosa mahali pake.

Wakawa watatu, pamoja na Kisu. Mkalimani alizunguka tena siku ile nzima kutafuta wa nne, akarudi na viatu vimejaa vumbi. Daktari alitazama majibu ya vipimo. "Ningependa wa nne. Lakini kila tunavyongoja, anavuja. Tutaingia hivyo hivyo."

Walipomsukuma kwenye kitanda cha magurudumu, Fundi alimshika mumewe kola. "Hii imegeuka ndani nje," akasema, akamnyooshea. "Uliisema ile ya benchi?"

"Niliisema."

"Walisikia?"

"Mdogo wako alisikia."

Akaridhika, au alionekana ameridhika. Milango ikafungwa.

Palikuwa na kioo kidogo kwenye mlango wa korido, na nyuma yake korido nyingine yenye chumba cha upasuaji na, mkono wa kulia, dirisha la benki ya damu. Sauti haikupita. Mkalimani alisimama pale kama anavyosimama asubuhi mbele ya filamu. Kicheko alikuwa kwenye benchi nyuma yake, pamba imebandikwa mkononi.

Alimwona nesi akitoka chumbani, anatembea. Akarudi na mfuko. Muda ukapita. Nesi akatoka tena, sasa anatembea kwa haraka kuliko kawaida lakini anajizuia asikimbie. Akarudi na mfuko. Baadaye akatoka akikimbia, akachukua wa tatu bila kutia sahihi. Na baada ya huo akatoka mara nyingine, akafika dirishani, mtu wa ndani akanyoosha viganja vyake viwili vitupu juu ya kaunta. Nesi akasimama. Akaweka mkono ukutani. Wakati wa kurudi hakukimbia tena.

Mtu anavyoshika kikombe.

Daktari alipotoka kuja kwao, barakoa imeshushwa kidevuni, alianza kusema. Alisema maneno mengi, mengine ya kitabibu, mengine ya huruma, yote kwa sauti ile ya uchovu. Kicheko alikuwa amesimama, anamtazama mdomo, hakuna linaloingia. Akageuka, akamshika Mkalimani mkono.

"Shemeji, anasemaje?"

Mkalimani alimtazama. Maisha yake yote watu walimuuliza swali hilo, na kila mara alikuwa na jibu, la kweli au la kutunga. Alikunja midomo, akamvuta shemeji yake kifuani, na hakutafsiri.

Msiba ulijaa. Ukumbi ulifungwa siku ile, na mabenchi yale yale yakatolewa kuwakalisha waombolezaji. Hakuna aliyekosa adabu. Ila nyuma, penye vivuli vya ukuta, watu waliinamiana. "Tulisema sisi. Kaingia anatembea." "Na mdogo mtu walimnyonya siku moja kabla, umemwona alivyopauka?" "Na Kisu je, biashara yake si imekauka?" Lile hema likija tena kwenye uwanja wa shule, sijui nani atalivukia. Kifo cha Fundi kiliisimulia ile filamu kuliko Mkalimani alivyowahi kuisimulia, na hicho hakiwezi kuchomolewa waya.

Kipaza sauti hakukirudia. Mwenye Ukumbi alimtumia watu, akaja mwenyewe, kofia mkononi, mara ya kwanza tukaona ana upara. Mkalimani alimkaribisha kiti, akamsikiliza, akamrudishia ile glasi ya ukumbi. Kitambaa alibaki nacho.

Siku hizi Kicheko anashona. Hajui sana, kola zake zinatazama pembeni, lakini sare zilikuwa zimeahidiwa na watoto wanafungua shule. Mkalimani anamkatia vitambaa, anamtungia uzi, maana macho yake bado ni mazuri. Upande wa pili wa ukuta filamu zinaendelea, zimewekewa kijana wa kupiga kelele tu. Lakini ikiwekwa ile ya hospitali huyo kijana hana kazi. Watu wanaisema wenyewe.

Juzi nilipeleka sketi ya mwanangu ikashushwe pindo, nikawakuta. Kupitia tofali tulisikia friji inafunguliwa, ukumbi ukashusha pumzi, na ile sauti ya watu mia ikaanza, ndugu zangu, mnaona, ile damu mliyoitoa kwa moyo mweupe. Neno kwa neno, na unyamavu wake mahali pake.

Kicheko aliondoa mguu kwenye kanyagio. Sindano ikabaki imezama kwenye kitambaa.

Mkalimani hakuinua kichwa. Alikuwa anapitisha uzi kwenye tundu.

"Shona, shemeji," akasema.

Upande wa pili walifika kwenye mrija. Kicheko akakanyaga kwa nguvu, cherehani ikalia juu ya sauti zao, na akashona moja kwa moja mpaka akapita mwisho wa kitambaa.